Kipindupindu Hakiji kwa Mkosi, Huja kwa Bomba
(Mazungumzo na vijana, Tassia)



Vijana wenzangu, ndugu na dada zangu wa Tassia, Fedha, Pipeline, Kware na Eastlands yote, pamoja na nyinyi mnaosoma mkiwa mbali. Leo nataka tuongee maji na choo. Najua kuna mtu ashaweka kidole kwenye simu apite, anaona hii ni habari ya wazee wa mtaa. Subiri kidogo. Kama umewahi kuinua kifuniko cha mtungi ukanusa kwanza kabla ya kuchota, hii habari ni yako.

Oktoba 2022 kipindupindu kiliingia tena Kenya. Kilianzia kwa watu waliokula harusini Kiambu, na baada ya miezi michache kilikuwa kimefika kaunti nyingi. Februari 2023 serikali ikatoa chanjo ya mdomo katika kaunti nne: Nairobi, Garissa, Wajir na Tana River. Hebu ziangalie hizo kaunti vizuri. Tatu ni za ukame, watu wanatembea kilomita nyingi kutafuta maji. Ya nne ni mji mkuu, wenye mabomba, maofisi na majumba ya vioo. Nairobi ilifikaje kwenye orodha moja na Wajir?

Jibu liko chini ya miguu yetu.

Nairobi hupata maji yake mengi kutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a. Januari 2017, mvua ilipokosa na bwawa likapungua, mji ulianza mgao rasmi wa maji, na tangu hapo mgao umekuwa sehemu ya maisha yetu. Mtaa huu unapata siku hizi, ule unapata siku zile. Wengi wetu tunaona mgao ni usumbufu tu: utaoga lini, utafua lini. Lakini mgao ni jambo la afya, na wacha nikueleze kwa nini.

Bomba likijaa maji yenye presha, hata likiwa na ufa, maji ndiyo yanatoka nje. Ni hasara, lakini uchafu hauingii. Maji yakikatwa, presha inaisha na bomba linabaki tupu. Kama bomba hilo limepita ndani ya mtaro, au karibu na shimo la maji taka lililofurika, yale maji machafu yanaingia kupitia ufa ule ule. Siku ya mgao ikifika, maji yanarudi kwa nguvu na kusukuma uchafu wote hadi kwenye mfereji wako. Kwa hivyo ukiona maji ya kwanza yana rangi ama harufu, usiseme "ni kawaida ya Tassia." Hayo ya kwanza si ya kunywa wala ya kuosha mboga. Na hata yakija meupe, usiyaamini kwa macho, kwa sababu kiini cha kipindupindu hakionekani.

Sasa angalia mabomba yetu yalivyo. Tembea nyuma ya ploti yoyote. Utaona mipira myembamba ya plastiki imefungwa pamoja kama nyaya za stima, imepita juu ya mtaro, mingine imezama ndani yake. Sehemu kubwa ya ardhi hii ilikuwa ya NSSF. Watu wakajenga, ghorofa zikapanda, na barabara na mabomba yakabaki nyuma. Desemba 2019 jengo la ghorofa sita lilipoanguka hapa Tassia, nchi nzima ilitutazama. Kamera zilikuja, viongozi walikuja. Bomba linapopasuka hakuna kamera inayokuja. Mtoto anaharisha Jumatatu, Jumatano yuko hospitalini, na majirani wanasema ni hali ya hewa.

Wengine watasema, sisi hatutumii maji ya kampuni, tuna boholi. Sawa, boholi imetusaidia sana siku za ukame. Lakini maji ya ardhini ya Nairobi yana shida yake. Sehemu nyingi yana floraidi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa miaka mingi, meno yanapata madoa ya kahawia, na ikizidi sana hata mifupa inaumia. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakutoi floraidi. Kwa hivyo mwenye boholi akikwambia maji yake ni safi, muulize kwa heshima: yamepimwa lini, na karatasi ya vipimo iko wapi?

Tuje kwa pesa, kwa sababu hapo ndipo watu huamka. Kampuni ya maji huhesabu kwa yuniti, na yuniti moja ni lita 1,000. Mtungi wetu ni lita 20. Tuseme umenunua mtungi kwa shilingi 20. Ili ufikishe yuniti moja unahitaji mitungi 50, yaani shilingi 1,000. Sasa tafuta mtu mwenye mita yake, awe wa Kilimani au wa Lavington, umwombe akuonyeshe bili anayolipia yuniti ile ile. Utakuta wewe unayeishi chumba kimoja unalipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bustani ya maua. Na yake yamefika jikoni, yako yamepanda ngazi ghorofa ya tano mabegani mwa dadako.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku, ya kunywa, kupika na usafi. Familia ya watu wanne kwa kiwango cha chini ni lita 200, yaani mitungi kumi. Kwa shilingi 20 ni shilingi 200 kila siku, karibu 6,000 kwa mwezi. Nani hapa Tassia anaweza? Hakuna. Kwa hivyo familia inanunua mitungi mitatu, minne. Na kinachopunguzwa kwanza si maji ya chai, ni ya kunawa mikono na ya kusafisha choo kinachotumiwa na vyumba kumi. Mama anayepunguza hapo si mchafu, ndugu yangu. Anapiga hesabu. Tuache kabisa kuwaambia watu wetu kwamba wanaugua kwa sababu hawapendi usafi.

Ni lazima pia tujue kwamba huu mpangilio haukutokea kwa bahati. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, serikali ya kikoloni ilichoma soko la Wahindi. Baadaye, kwa jina la afya, mji ukagawanywa kwa rangi: Wazungu upande wa juu wenye hewa na maji, Waafrika upande huu wa chini, mashariki. Pumwani ikatengwa kuwa mahali pa Waafrika. Kijiji cha Pangani, ambako Waislamu wengi walikuwa wamejijengea nyumba zao, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wakaelekezwa Pumwani na Shauri Moyo. Kwa hivyo neno "afya ya umma" limewahi kutumiwa kutuondoa, badala ya kutuletea bomba. Ukisikia mtaa fulani ni mchafu ubomolewe, kumbuka Pangani. Dawa ya mtaa usio na bomba ni bomba.

Na si Nairobi peke yake. London ya karne ya 19 ilikuwa inanuka kuliko mto wetu wa Ngong. Mwaka 1854 daktari John Snow aliandika waliokufa kwa kipindupindu nyumba kwa nyumba, akaweka alama kwenye ramani, na alama zikajaa kuzunguka pampu moja ya maji, mtaa wa Broad Street. Mkono wa pampu ukang'olewa. Baadaye mji ukajenga mfumo mkubwa wa maji taka. Lakini mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London na kuua maelfu, wengi wao upande wa mashariki, kwa maskini. Kwa nini huko? Kwa sababu huko mfumo mpya ulikuwa haujakamilika. Eastlands yao iliachwa mwisho, na ndiyo iliyozika. Mabomba yalipokamilika huko pia, kipindupindu hakikurudi tena kuwa janga London. Watu walikuwa wale wale, umaskini ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni bomba.

Sasa tuje kwa haki, kwa sababu bomba halijileti.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, haki ya usafi wa mazingira anamoishi, na haki ya maji safi na salama ya kutosha. Shika hayo maneno mawili: kila mtu. Haikusema mwenye shamba wala mwenye ploti. Mpangaji wa mwezi mmoja yumo. Kwa hivyo ule wimbo wa "sisi ni wapangaji tu" tuuache leo. Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, na huhitaji kuonyesha kwamba tayari kuna mtu ameumia. Yaani si lazima tusubiri mtoto afe ndipo tuwe na kesi. Na Jedwali la Nne linaiweka huduma ya maji, maji taka, takataka na afya ya kaunti mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo tunajua mlango wa kubisha.

Kuna mtu anasema moyoni, hizo ni karatasi tu. Basi tazama Mombasa. Kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, kilikuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Madini ya risasi yakaingia kwenye hewa, udongo na maji, na watoto wakawa na sumu hiyo kwenye damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na mtoto wake mwenyewe akaathirika, alisimama na wakazi. Kesi iliwasilishwa 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa ile fidia. Wakazi hawakwenda nyumbani. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ilikuwa miaka minane mahakamani, na kuna waliokufa wakisubiri. Sikudanganyi kwamba njia hii ni fupi. Lakini walipoulizwa ushahidi uko wapi, walikuwa nao: vipimo vya damu, vya udongo, tarehe, barua. Hasira peke yake isingewafikisha.

Na karibu zaidi, hapa tu jirani, Mukuru. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la upangaji. Haikutokea hewani. Wakazi, pamoja na Muungano wa Wanavijiji na wasomi wa vyuo vikuu, walikuwa wamehesabu miaka kadhaa: vyoo vingapi, watu wangapi kwa choo kimoja, lita moja ya maji bei gani. Walipotoa hesabu, ilionekana wazi kwamba maskini wanalipa zaidi kwa huduma mbovu zaidi. Kisha kaya takriban laki moja zikajipanga kwa vikundi vya kaya kumi kumi ili kila mmoja aseme anataka mtaa wake uwe vipi. Sehemu za Mukuru zimepata barabara na mabomba ya maji taka kutokana na kazi hiyo. Haijakamilika, na mwaka 2021 sehemu ya Kwa Njenga ilibomolewa kupisha barabara. Lakini kwenye meza ya kaunti watu wa Mukuru wana kitu ambacho sisi wa Tassia hatuna. Wana hesabu yao.

Hapo sasa ndipo nataka tufike. Kampeni za kusafisha mtaa Jumamosi ni nzuri, na mimi huwa niko na reki na glavu. Lakini ukizoa mtaro Jumamosi na bomba la maji taka limepasuka juu yake, Jumatatu umejaa tena. Usafi bila madai ni kazi isiyokwisha. Kwa hivyo tugawane kazi namna hii.

Kwanza, linda nyumba yako leo. Chemsha maji ya kunywa au weka dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Hifadhi kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, usichovye kikombe. Mtu akianza kuharisha maji maji, usisubiri asubuhi. Tumia pakiti ya chumvi za maji kutoka kituo cha afya, na kama haipo, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogo kidogo huku mkielekea hospitali. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache, lakini mgonjwa akirudishiwa maji mapema, karibu wote hupona. Na mjue mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako. Tangu Septemba 2023 nchi ina zaidi ya laki moja wa hao. Tafuta namba ya wako, uiweke kwenye simu.

Pili, tuhesabu. Chukua safu moja ya ploti, si mtaa mzima. Daftari moja, wiki nne. Maji yalikuja siku gani, saa ngapi hadi saa ngapi? Yalikuwa na rangi ama harufu? Mtungi uliuzwa bei gani? Shimo la maji taka limefurika tangu tarehe gani, na liliripotiwa lini? Watoto wangapi wameharisha wiki hii? Usiandike jina la mgonjwa, andika idadi tu. Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Piga picha ya bomba na mtaro, usipige ya mtu. Dada zetu wawe mbele kwa kazi hii, kwa sababu wao ndio wanaojua saa maji yanapokuja. Aghlabu ni usiku, wakati sisi tumelala.

Tatu, tuulize kwa maandishi. Kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa kila raia haki ya kuuliza ofisi ya umma, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Uliza maswali mafupi: ratiba ya mgao ya Tassia ni ipi? Maji yetu yalipimwa mara ya mwisho lini, na matokeo yake yalikuwa nini? Ni mradi gani wa maji taka uliopangiwa pesa mwaka huu kwenye wadi yetu? Ukurasa mmoja unatosha. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Wakinyamaza, ile nakala yenye muhuri ndiyo unaipeleka kwa tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Nne, tufike kabla pesa hazijagawanywa. Sisi hupiga kelele Julai, mvua na homa zikishapita, na bajeti ishafungwa. Andika tarehe hizi. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1. Mkakati wa fedha, kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti, kufikia Aprili 30. Yote hupitishwa kabla ya Juni 30. Katikati ya hizo tarehe kuna vikao vya wananchi. Mara nyingi tangazo huwa dogo na viti huwa vitupu, halafu wanaandika kwamba wananchi walishirikishwa. Tukienda watu ishirini wenye daftari moja na ombi moja, hata mwakilishi wa wadi atataka kukaa upande wetu.

Mtu ataniuliza, na mwenye ploti akinifukuza? Ni hofu ya kweli, sitaidharau. Ndiyo maana tunahesabu safu nzima, si mlango mmoja, na barua inaandikwa kwa jina la wakazi. Wenye ploti wengi wao pia wanaumia: wanalipia lori la kunyonya choo kila mwezi kwa sababu hakuna bomba la umma la kuunganisha. Wakaribisheni. Madai yetu ni kwa mwenye jukumu kisheria.

Waislamu wengi hapa tunaijua habari ya kisima cha Ruma kule Madina. Mwenye kisima alikuwa akiuza maji, na wasio na pesa wakipata taabu. Sayyidna Uthman alikinunua akakifanya cha watu wote. Tunapenda kuisimulia kama habari ya ukarimu, na ni kweli. Lakini angalia pia alichokifanya hasa: hakununulia watu mitungi ya siku ile, alibadilisha umiliki wa maji yenyewe. Sadaka ya mitungi Ramadhani tuendelee nayo. Ila tusiishie hapo, kwa sababu Shawwal jirani bado ana kiu.

Kwa hivyo usiku huu, kabla hujalala, chagua watu wanne wa safu yako. Mmoja awe mama, mmoja awe jirani asiye Mwislamu, kwa sababu bomba linalopita chini yenu ni moja. Nunueni daftari. Andikeni tarehe ya leo, na swali la kwanza: leo maji yamekuja?

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.